Maagizo ya mashine si sehemu ya anwani ya tasnifu

MAJUZI kijana mmoja niliyemfundisha Kiswahili katika shule ya upili alinijia na kijitabu cha mahafali. Alikuwa amehitimu shahada ya uzamifu katika hisabati. Katika anwani ya tasnifu yake, mahali palipostahili kuwa na L², palichapishwa $L^2$. Ami yake, aliyesafiri usiku kucha kuja kumshangilia, alimwuliza: “Kwani mwanangu, ulisomea biashara ya dola?” Watu wakacheka. Mwenyewe hakucheka.

Dola hizo zina asili yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliunda TeX, programu ya kupanga chapa za hisabati. Katika miaka ya 1980, Leslie Lamport aliijengea juu yake LaTeX, ambayo wanahisabati wengi hutumia hadi leo. Humo, fomula huzingirwa kwa alama za dola. Knuth alieleza kwa mzaha kuwa alichagua dola kwa sababu uchapaji wa hisabati ulidhaniwa kuwa ghali. Alama ya ^ nayo huiagiza mashine ipandishe kinachofuata, na _ ikishushe.

Kosa basi liko wapi? Si katika programu. Kosa ni kusahau kuwa maagizo hayo yameandikiwa mashine, ilhali anwani huandikiwa watu. Tena anwani ni msafiri. Hutoka kwenye tasnifu ikaingia katika katalogi ya maktaba, wasifukazi na kijitabu cha mahafali. Huko kote si lazima ikute programu inayoyaelewa maagizo yake.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuzifuta tu alama hizo. Hebu tazama: ukifuta kila kitu katika $10^6$ isipokuwa tarakimu, utabaki na 106. Milioni moja imegeuka mia moja na sita! Dola zilizosahaulika huchekesha, lakini angalau humwonyesha msomaji kuwa pana hitilafu. 106 haimshtui yeyote, humpotosha kimyakimya. Kwa maoni yangu, hilo ndilo kosa baya zaidi.

Nionavyo, penye neno, neno litangulie. Katika anwani, “kaboni dayoksaidi” husomeka kokote kuliko CO2 iliyofungwa kwa dola. Vivyo hivyo, “kumi kwa kipeo cha sita” haimtatizi mtu, mradi mwandishi asichanganye kipeo na kipeuo: kipeo cha pili cha tatu ni tisa, ilhali kipeuo cha pili cha tisa ni tatu.

Wanahisabati watanijibu kwamba L² ni jina, wala halina badala. Nakubali. Hata hivyo, ² ni herufi kamili katika kompyuta za leo, sawa na a au b. Haihitaji dola wala ^. Anayejaza fomu ya usajili aiandike hivyo, naye mhariri wa kijitabu amwonyeshe mwenye kazi nakala ya mwisho kabla ya kuchapisha.

Ami amekihifadhi kijitabu kile sandukuni. Wajukuu watakisoma siku moja, na dola zitakuwa papo hapo.