Hadhira Nayo Hutunga: Usiku wa Jazi Chuoni Oberlin

Wahakiki wengi chuoni kwetu tukipewa kazi ya sanaa twakimbilia fani na maudhui, hadhira tunaiacha mlangoni. Nataka kuonyesha hasara ya tabia hiyo kwa kutumia santuri moja: Jazz at Oberlin, ya kikundi cha Dave Brubeck.

Tarehe 2 Machi 1953, wanafunzi wapenzi wa jazi katika Chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, Marekani, walimwalika Brubeck apige katika kanisa la chuo. Chuo kile kilikuwa na shule ya muziki yenye sifa kubwa, lakini jazi haikuwamo katika masomo yake. Basi vijana wakajifunza wenyewe kusikiliza.

Ukitazama orodha ya nyimbo tano zilizorekodiwa, hakuna jipya. Zote zilikwisha kuzoeleka. "Perdido", kwa mfano, ilitungwa na Juan Tizol wa bendi ya Duke Ellington. Upya uko pale Paul Desmond, na saksafoni yake, anapouacha wimbo na kwenda zake, ukumbi nao ukamfuata. Makofi yanasikika ndani ya santuri, wala si mapambo. Hebu fikiri: mtambaji akisema "Paukwa!" pasiwe na wa kumjibu "Pakawa!", hadithi itaanzaje? Hadhira inayoujua wimbo ndiyo inayompa msanii ujasiri wa kuuvunja.

Hata hivyo tusiwasifu vijana wale kupita kiasi. Jukwaani walikuwapo Wazungu wanne, ilhali jazi ilizaliwa na Wamarekani Weusi. Mlango haukufunguka sawa kwa wote. Mwaka 1954 gazeti la Time lilimweka Brubeck jaladani. Ellington akangoja hadi 1956, na Brubeck mwenyewe alikiri kwamba aliyestahili kutangulia ni Ellington.

Kwa hiyo hadhira hutunga, lakini pia huchagua. Sisi je? Fasihi simulizi tunaisoma katika kurasa zilizopigwa chapa, halafu kwenye mtihani twaandika eti "hadhira ni muhimu". Msomaji mwenzangu, mara ya mwisho kumjibu mtambaji ana kwa ana ilikuwa lini? Mimi sikumbuki. Uhakiki wangu, basi, una pengo lile lile ninalolilaumu.