Kumwombea marehemu, kumwomba marehemu

Wenzangu wakiniuliza wasome nini kuhusu Wapogoro wa Ulanga na bonde la Kilombero, nawaambia wamtafute Maia Green, Priests, Witches and Power (Cambridge, 2003). Halafu nabishana nacho.

Hoja yake kubwa ni kwamba watu huku ni Wakatoliki kweli, ila dini wameiweka kwake na jadi kwake. Padri ana misa, sakramenti na maji ya baraka. Wafu wa ukoo wana sadaka yao, unga na pombe, na hapo padri hahusiki. (Alipofanya utafiti Jimbo la Ifakara halikuwepo, lilimegwa kutoka Mahenge mwaka 2012.) Kurasa zake za misiba, hasa ile kazi nzito wanayobeba wanawake, ni bora kuliko nyingi nilizosoma kuhusu sisi.

Ninachotaka zaidi kwake ni kalenda. Chukua tarehe 2 Novemba, Marehemu Wote. Sikukuu hii tumeletewa kutoka Ulaya. Kule Ireland inapakana na Samhain: mavuno yameshaingia ndani, usiku unarefuka, na zamani watu waliwaachia wafu wao chakula na moto usiku kucha. Sawa, ghala limejaa, ukarimu hauumi.

Sasa njoo Ifakara tarehe hiyohiyo. Mpunga ulivunwa katikati ya mwaka, mwingi umeshauzwa, jua linachoma, watu wanasafisha mashamba huku wakitazama mawingu. Yaani wafu wa Ireland wanakuja wakati wa shibe; wetu wanakumbukwa wakati mama anahesabu debe zilizobaki. Sala ni ileile, lakini jamani, inaweza kubeba maana ileile?

Mimi nasema hapana. Kiswahili chenyewe kinatuumbua: kati ya kumwombea marehemu na kumwomba marehemu kuna silabi moja tu. Kanisa linafundisha la kwanza. La pili ni jambo la jadi. Mtu anayepiga magoti makaburini mlangoni mwa msimu wa kulima, na hofu ya mvua moyoni, anasema lipi? Green amechora mpaka, na mara nyingi unasimama. Novemba, naona, unalowa kabla mvua haijanyesha.

Kitabu cha Kiingereza kinaweza kuipita silabi hiyo bila kujikwaa. Ndiyo maana nangoja mtu wa Mahenge au Malinyi aandike kingine, na aanze kwa kuwauliza bibi zetu: mlikuwa mnamwombea, au mnamwomba?