Hesabu ya Bafu Dogo

Wenye nyumba wengi Dar es Salaam humwuliza fundi bei kabla hata hajavua viatu mlangoni. Fundi aliyeiva hajibu haraka. "Vipimo kwanza, mama, bei tutaongea," anasema, na kuingia bafuni na futi kamba, pima maji na timazi. Nimekuja kuipenda kazi hiyo ya kukadiria kuliko hata kazi ya kubandika yenyewe, maana fundi mzuri hulijenga bafu lote kichwani kabla tofali moja halijaguswa.

Chukua bafu la mita 2 kwa 1.5, ambalo ni la kawaida kabisa mijini. Ukuta mrefu ukibandikwa marumaru hadi mita 2.4 kwenda juu, unapata mita za mraba 4.8. Marumaru ya sentimita 30 kwa 60 inafunika mita za mraba 0.18, kwa hiyo kikokotoo cha simu kitakwambia ununue 27. Fundi hahesabu mita, anahesabu vipande. Akizilaza, kila mstari utachukua tatu nzima na kipande cha sentimita 20, na mistari ni minane. Marumaru moja inatoa vipande vitatu vya ukubwa huo, lakini cha katikati kimekatwa pande zote mbili: upande mmoja utajificha kwenye kona, wa pili utaonekana kwenye kiungo. Hicho anakitoa kwenye hesabu, na jumla inakuwa 28.

Halafu anasimama mlangoni na kutazama. Ikiwa ukuta huo ndio anaokutana nao mtu akifungua mlango, kipande chembamba pembeni kitamkera mwenye nyumba kila asubuhi. Basi anapanga upya kuanzia katikati, mbili nzima na sentimita 40 kila upande. Sasa zinatakiwa 32, yaani boksi nne zenye nane nane. Hizo tano zilizoongezeka juu ya hesabu ya simu zimetokana na jicho lake tu, na mimi naona zina thamani ya kila shilingi.

Dukani, ziwe zimetoka kiwanda cha Mkuranga au Chalinze, anageuza kila boksi asome namba ya toleo. Rangi hupishana kidogo kati ya uchomaji mmoja na mwingine, kwa hiyo za akiba, kama asilimia 10, hununuliwa siku hiyohiyo.

Makadirio ya haraka huharibikia kwenye vitu visivyoonekana. Bomba za chuma za zamani zinaliwa na kutu ndani ya ukuta, na kuzifunika kwa marumaru mpya ni kujitafutia kuvunja tena. Fundi anaandika bomba za PPR, viungio vyake na mashine ya kuunganishia kwa joto. Anauliza maji yanatoka wapi; ya kisima chenye chumvi hula mng'ao wa koki za bei rahisi. Anatoka nje kuangalia tangi, kwa sababu kila mita moja ya kimo inatoa presha ya baa 0.1 tu, na hita ya papo kwa papo inaweza kukataa kuwaka. Bomba la kutawadhia halimpiti. Dawa ya kuzuia maji iko kwenye orodha, na mteremko wa sakafu pia, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji.

Gharama ya ufundi anaitenga na vifaa. Kubandika ni kwa mita ya mraba, kazi ya bomba ni kwa makubaliano, na saidia fundi analipwa kwa siku. Kubomoa kuna mstari wake, na vilevile viroba vya kifusi na kirikuu ya kukizoa, ambavyo watu husahau mpaka kifusi kizibe uchochoro wa jirani.

Chini kabisa anaandika dharura, asilimia 10 hadi 15. Pesa hiyo inabaki mkononi mwa mwenye nyumba. Fundi anaiomba akiwa tayari amemwita na kumwonyesha kilichokutwa chini ya sakafu, kabla hajakifukia.