Albamu niliyoambiwa niruke: Helloween, "Chameleon" na hukumu ya mashabiki



Nilipokuwa mu G2, mwenzangu mmoja wa chumba alinipatia fleshi yenye albamu za Helloween, kikundi cha Hamburg, kule Ujerumani. Akanipa na maagizo: "Anzia kwa Keeper. Ukifika kwa Chameleon, ruka." Nikaruka. Kwa miaka mingi nikawa nasema mbele za watu kwamba Chameleon ni albamu mbaya, na sijawahi kuisikiliza hata dakika moja. Njo maana naandika leo.

Siku niliisikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho, dakika 71 hivi, nilisikia haya kidogo. Si kwamba ni albamu ya ajabu. Iko na makosa yake, nitayasema. Haya yangu ilitoka kwa kuwa nilikuwa nimebeba hukumu ya watu wengine kama vile ni yangu. Na siye tuliosoma, tunaosema kila siku "usikubali kitu bila kukichunguza", tungepaswa kuwa wa mwisho kufanya hivyo.

Kwa wale ambao hawajui muziki huu, niseme maneno machache. Kikundi kilianzishwa 1984. Ndani kulikuwa Kai Hansen na Michael Weikath kwa gitaa, Markus Grosskopf kwa besi, na Ingo Schwichtenberg kwa ngoma. 1985 walitoa Walls of Jericho, albamu ya mbio na makelele, Hansen mwenyewe ndiye akiimba. Kisha wakamleta kijana mmoja, Michael Kiske, ambaye hakuwa hata na miaka 20, mwenye sauti inayopanda juu bila kupasuka. Pamoja naye wakatoa Keeper of the Seven Keys, sehemu ya kwanza 1987 na ya pili 1988. Albamu hizo mbili ndizo zilizofanya watu waseme kuna kitu kinaitwa pawa metali ya Wajerumani: ngoma za mbio zinazopigwa kwa miguu miwili, gitaa mbili zinazofuatana kama mapacha, na kiitikio ambacho umati mzima unaweza kuimba baada ya kukisikia mara moja tu.

Halafu mambo yakaharibika. Hansen akatoka mwanzo wa 1989, akaenda kuanzisha Gamma Ray. Roland Grapow akachukua gitaa lake. Kikundi kikaingia katika mabishano na kampuni yake ya rekodi, na albamu iliyofuata, Pink Bubbles Go Ape, ikatoka 1991 tu. Watu hawakuifurahia sana. Wakasema basi, tungoje inayofuata. Iliyofuata ni hii, 1993: Chameleon, yaani kinyonga.

Sasa tuje kwa maoni ya mashabiki. Nimesikiliza watu wengi wanaopenda muziki huu wakiongea juu ya albamu hii, na karibu wote wanagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza linasema: hii si Helloween. Ukiuliza kwa nini, watakuhesabia: kuna saksafoni na tarumbeta ndani ya When the Sinner na Crazy Cat. Kuna Windmill, wimbo mtamu na wa polepole ambao ungeweza kumlaza mtoto. Kuna kwaya ya watoto ndani ya I Believe. Mbio ziko wapi? Miguu miwili iko wapi?

Mimi naheshimu hasira yao. Tusisahau kwamba 1993 kuonja kwanza hakukuwa rahisi. Kijana alikuwa anaweka feza pembeni, anaingia dukani, ananunua kwa kuamini jina lililo juu ya jalada. Jina ni ahadi. Ukinunua mfuko ulioandikwa muchele na ukakuta unga ndani, hautasema "lakini ni unga mzuri". Utarudi kwa muuzaji.

Lakini hoja yao iko na tundu. Ile Helloween wanayoilinda, ile ya Keeper, yenyewe ilizaliwa kwa kubadilika. Mtu aliyependa Walls of Jericho, sauti ya Hansen yenye kukwaruza na mwendo wa kukimbia kama umefukuzwa, 1987 angeweza kusema vilevile: huyu kijana anaimba safi mno, hii si Helloween. Na kikundi hiki hakikuwa cha watu wanuna-uso tangu zamani. Ndani ya Keeper ya pili kuna Dr. Stein na Rise and Fall, nyimbo za kuchekesha. Mchezo ulikuwa ndani ya damu yao. Kwa hiyo kusema "walibadilika" hakutoshi. Kila mwaka walikuwa wanabadilika.

Kundi la pili ni la watu wa amani. Wanasema: ni albamu nzuri, ila ingetoka kwa jina lingine. Zamani niliona maoni haya yana busara. Leo nayaona ni njia ya kukwepa swali. Wimbo ukiwa mzuri ni mzuri, ukiwa mbaya ni mbaya. Kubadilisha jina la jalada hakuongezi noti hata moja ndani yake. Mtu anayesema hivi hajatuambia bado alichosikia. Ametuambia tu alichokuwa anangojea.

Kundi la tatu ni la watetezi. Hawa waliongezeka kadiri miaka ilivyopita. Wanasema Chameleon ni kazi kubwa ambayo mashabiki walikuwa viziwi kuielewa. Hapo pia nakataa. Kumtetea aliyeonewa ni vizuri, lakini kuonewa si cheti cha ubora. Music inazunguka zunguka dakika saba hivi na haifiki popote. Revolution Now inarudia wazo moja mpaka unachoka. Crazy Cat ni mzaha, na mzaha ukielezwa kwa muda mrefu haucheshi tena. Nyimbo 12 ni nyingi, 8 zingetosha.

Wakati uleule, kuna vitu ambavyo nilikuwa nimejinyima miaka yote bila sababu. First Time inafungua albamu kwa nguvu, na ingeweza kukaa karibu na nyimbo za zamani bila aibu. Giants ni nzito na ya giza, na Kiske anaiimba kama mtu anayeona kitu kinamkaribia. Longing, wimbo wa mwisho, ni sauti yake karibu peke yake, bila mahali pa kujificha. Nikajiuliza: hivi mtu anayesema anapenda sauti ya Kiske, na anairuka albamu hii, anapenda nini hasa? Sauti, ao kumbukumbu ya miaka yake 18?

Basi kosa la albamu ni nini, kama si kubadilika?

Angalieni majina ya watunzi. Kiske aliandika nyimbo nne. Weikath nne. Grapow nne. Hesabu safi, kama urithi uliogawanywa mbele ya wazee. Hakuna wimbo hata mmoja ambao wawili kati yao walikaa pamoja wakauandika. Ukijua hivyo, unaanza kusikia albamu tatu zilizofungwa kwa kamba moja: ya Kiske inaelekea kwenye nyimbo za moyo na imani, ya Weikath inataka ukubwa na ndoto za miaka ya 60, ya Grapow inatafuta roki ya kawaida yenye gitaa la bluzi.

Mtu atanijibu: hata ndani ya Keeper ya pili kila mtu alileta zake. Ni kweli. Eagle Fly Free ni ya Weikath, I Want Out ni ya Hansen. Jibu hilo lilinisumbua siku nyingi. Nikarudi kusikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, nikitafuta tofauti. Nikaipata mahali ambapo sikuwa natazamia: kwa ngoma.

Ndani ya Keeper, wimbo uwe wa nani, lazima upite mikononi na miguuni mwa Ingo. Weikath analeta wimbo wake, Hansen wake, lakini ukifika kwa Ingo unapata mwendo mmoja. Yeye njo alikuwa anashona. Sikiliza Eagle Fly Free kwa makini, weka sauti za juu pembeni, fuata miguu tu. Utaelewa kwamba kile tunachoita "sauti ya Helloween" nusu yake ni mtu huyu mmoja.

Ndani ya Chameleon, nyimbo nyingi hazimuhitaji. Longing inaenda na gitaa lisilo la umeme na ala za nyuzi. Windmill inamtaka apige polepole sana. Crazy Cat inamtaka afuate tarumbeta. Amekaa pale, mpiga ngoma mwenye miguu ya mbio kuliko karibu kila mtu katika muziki ule, na anapewa kazi ambayo mtu mwingine yeyote angeweza kuifanya. Uzi ukitolewa, vipande vitatu vya nguo vinabaki vipande vitatu.

Kwa hiyo naona mashabiki wa 1993 walisikia kweli kwamba kuna kitu kimekatika. Masikio yao hayakuwadanganya. Ila walikipa jina baya. Walisema "wamebadilika". Mimi nasema walibadilika kila mtu peke yake.

Na hapo njo habari inakuwa nzito kuliko muziki. Ingo alikuwa mgonjwa. Alikuwa na skizofrenia, na juu yake pombe na dawa za kulevya. Wimbo Step Out of Hell, ambao Grapow aliuandika, unahusu shida hizo za mwenzao. Fikirini kidogo: mtu anapiga ngoma kwa wimbo unaomsihi yeye mwenyewe atoke katika shimo. Wakati wa ziara ya mwaka ule alishindwa kuendelea, akatoka kikundini. Kiske naye akaondolewa kabla mwaka haujaisha. Tarehe 8 Machi 1995, Ingo Schwichtenberg alijiua kule Hamburg. Alikuwa na miaka 29. Albamu ya Helloween ya 1996, The Time of the Oath, ilitolewa kwa ukumbusho wake.

Sisemi mashabiki walimuua. Ingekuwa uongo, na ingekuwa kumdharau kwa kugeuza ugonjwa wake kuwa hadisi ya mafunzo. Nasema tu kwamba tulikuwa tunabishana juu ya saksafoni, kumbe ndani ya ile albamu kulikuwa na watu watano ambao hawakuweza tena kuongea, na mmoja wao alikuwa anazama. Unaweza kuisikia, ukisikiliza. Siwezi kusema ningeisikia kama nisingejua. Lakini najua kwamba anayeruka hawezi kusikia chochote.

Miaka ilienda. Kikundi kiliendelea na Andi Deris kama mwimbaji tangu 1994, kikarudi kwenye mbio. Kiske aliimba wimbo mmoja ndani ya Land of the Free ya Gamma Ray, 1995, kisha akakaa mbali na metali kwa muda mrefu. Mwisho wake, 2017, wakaanza ziara ya pamoja: Kiske, Hansen na Deris jukwaani mara moja. 2021 wakatoa albamu waliyoipa jina la kikundi tu, Helloween, na ikafika namba moja Ujerumani. Mashabiki walewale waliosema "haitawezekana kamwe" wakalia kwa furaha. Kiti cha ngoma tu ndicho ambacho hakikuweza kurudi kwa mwenyewe.

Siye hapa kwetu tunaijua vizuri tabia hii ya mashabiki. Nani kati yetu hakuwa na kaka ao mjomba ambaye, baada ya Wenge kugawanyika 1997, alikataa hata kusikiliza upande mwingine? Walikuwa wanakupa hukumu yote juu ya wimbo ambao hawajausikia. Nilikuwa nawacheka. Kumbe nilikuwa ndugu yao.

Hukumu yangu basi, kama bado mnaitaka: Chameleon ni albamu yenye nyimbo nne ao tano nzuri sana, tatu za kuvumilia, na zilizobaki za kusahau. Si kazi kubwa iliyofichwa, wala si takataka. Ni nyumba ambayo wenyeji wake hawasalimiane tena, lakini kila mtu bado anapika vizuri katika chumba chake.

Yule mwenzangu wa chumba tunaongea mpaka leo. Nilimwandikia kwamba nimeisikiliza. Akajibu: "Na iko je?" Nikamuuliza kama yeye aliisikiliza kabla ya kuniambia niruke. Akanyamaza kidogo, kisha akaandika: "Na mimi niliambiwa."

Anayetaka kunipinga anipinge, ila asikilize kwanza.