David Strorm na Kipimo cha Mtu

Kitabu cha The Chrysalids, alichokitoa Mwingereza John Wyndham katika mwaka 1955, si kirefu. Jina lake lina maana ya wadudu waliomo ndani ya maganda yao, kabla hawajatoka kuwa vipepeo. Ukisikia, msomaji, kwamba chaeleza habari za kijana awezaye kusema na wenzake kwa fikra tupu pasipo kufumbua kinywa, yumkini utadhani ni hadithi ya mazingaombwe. Sivyo. Kisome kama hadithi ya mtoto amwogopaye babake.

Mahali ni Waknuk, katika nchi ya Labrador, vizazi vingi baada ya maangamizi yaitwayo Dhiki. Mwandishi hatamki wazi ni maangamizi gani, lakini nchi nyeusi zilizoungua, ambazo hazioti hata jani, zatutosha kufahamu kwamba ni silaha za atomiki. Watu wa Waknuk huamini kuwa kila kisicholingana na umbo la asili ni chukizo. Mazao yenye kasoro huchomwa moto, mifugo huchinjwa, na binadamu hufukuzwa kwenda kuishi Mipakani. Joseph Strorm, babake David, ni mkali kupita wote.

Wala usiseme kwamba mambo haya ni ya ugenini. Lugha yetu ina neno kigego, jina la mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, na wazee wa pwani walijua lililompata mtoto huyo zamani.

Kipawa cha David hakionekani kwa macho, na hapo ndipo penye ustadi wa kitabu. Rafiki yake Sophie ana vidole sita vya mguu. Unyayo wake wenye maji juu ya jiwe watosha kumfichua. Petra, dada mdogo wa David, alipozaliwa alikaguliwa kwa makini akapewa cheti cha usafi, na kumbe nguvu za fikra zake zapita za wote! Katika siku hizohizo Harriet, ndugu wa mama yao, alikuja na mtoto wake mchanga mwenye alama ndogo, akaomba aazimwe Petra ili akaonyeshwe kwa mkaguzi. Akafukuzwa. Baadaye maiti yake ikaonekana mtoni. Soma sura hiyo polepole. Mwandishi hamlaumu mtu. Atusikilizisha tu maneno ya ndugu wawili, na kijana akisikia yote kwa siri.

Namsifu pia mzee Axel, aliyekuwa baharia. Yeye hana kipawa chochote, bali amemwambia David kwamba katika nchi za mbali watu wa maumbo mengine nao hujiona kuwa ndio mfano wa kweli, na wengine wote wameharibika. Rosalind, mpenzi wa David, hakuumbwa vema kama Axel. Mwandishi ametupa uzuri wake na ushujaa wake, basi.

Mwisho ndio unaonitia mashaka. Mwanamke wa Sealand, nchi ya mbali ya watu wenye kipawa kilekile, aja kwa chombo kirukacho angani kuwaokoa vijana. Amwaga nyuzi zenye kunata zinazowaua adui na watu wa Mipakani pamoja, kisha aeleza kwa utulivu kwamba jamii iliyo bora haina budi kuiondoa iliyo duni. Je, si mafundisho ya Joseph Strorm hayo, yaliyovikwa nguo mpya? Yawezekana Wyndham alikusudia tushtuke. Lakini David hashtuki vya kutosha, naye ndiye msimulizi wetu. Sophie yu maiti, na hadithi yampita upesi mno.

Mmoja tu ndiye anayekataa kwenda. Rachel, mwenzao, amebaki peke yake Waknuk, na mwanamke yule asema chombo hakina mafuta ya kumfuata. Michael ageuka, arudi kumtafuta.