Nafsi Mbili za Serikali

Wahakiki wa ushairi hatuna desturi ya kusoma hukumu. Iko moja, hata hivyo, iliyotolewa tarehe 24 Julai 2008 katika shauri la Biwater Gauff dhidi ya Tanzania, inayostahiki kusomwa kama isomwavyo tungo: kwa kuuliza nani anenaye, na kwa nafsi ipi.

Kisa chenyewe wengi wanakikumbuka. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, yenye wabia wa Uingereza na Ujerumani pamoja na mbia wa nchini, ilikabidhiwa usambazaji wa maji Dar es Salaam. Kazi haikwenda, na mwaka 2005 Serikali ikatangaza mwisho wa mkataba, ikayashika majengo na kuwatoa nchini wakuu wa kampuni. Shauri halikupitia Mahakama Kuu. Mkataba wa uwekezaji wa mwaka 1994 baina ya Tanzania na Uingereza ulimruhusu mwekezaji kuishtaki nchi mbele ya waamuzi watatu, katika kituo kilicho chini ya Benki ya Dunia. Nayo Benki hiyo ilikuwa miongoni mwa wafadhili wa mradi ule ule wa maji. Tuzo ya kituo hicho haikatiwi rufaa katika mahakama yoyote ya nchi.

Waamuzi waliigawa Serikali nafsi mbili. Ya kwanza ni mbia wa mkataba ambaye, kama mfanyabiashara yeyote, aweza kumpa notisi mwenzake aliyeshindwa kazi. Huyo hakutiwa hatiani. Ya pili ni dola: waziri aliyetangaza hadharani, watendaji waliokamata majengo na kuwasafirisha wageni. Hiyo ndiyo iliyoonekana na kosa. Ustadi wa mgawanyo huu siukani. Lakini mwananchi aliyekaukiwa na bomba haijui nafsi ya kwanza. Anayoipigia kura, anayoilaumu na kuitaka itamke neno mbele ya watu, ni ya pili.

Fidia ilikuwa sifuri, kwani kampuni ilikwisha kuwa haina thamani. Wapo waliouita huo ushindi. Mimi nauita nafuu, tena ya mara moja: mwaka 2023, katika shauri la nikeli ya Ntaka Hill, kituo hicho hicho kiliiamuru Tanzania ilipe zaidi ya dola za Marekani milioni 109, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana kwa milioni 90.

Na wanywaji wa maji je? Jumuiya tano, tatu kati yazo za Tanzania, ziliomba kusikilizwa. Mwaka 2007 ziliruhusiwa kuwasilisha maandishi, ila zikanyimwa nyaraka za shauri na nafasi ya kuketi barazani. Ni kama malenga aliyetakiwa kutia beti zake katika majibizano, na beti za waliomtangulia asioneshwe.