Kisanduku Kinachojieleza

Mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni hunywa maji ya mito ya Njoro na Rau. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uliyaletea mabanio na mifereji ya zege. Huko juu migombani, Wachagga walikuwa wakichimba mifereji iitwayo mifongo vizazi na vizazi kabla ya hapo. Mifereji hii yote ina sifa moja ninayoipenda: mkulima akisimama ukingoni anaona. Maji yapo au hayapo, lango limefunguliwa au limefungwa, zamu ni ya nani.

Pampu ya kisima haina uwazi huo. Imezama ardhini, kidhibiti chake kimefungiwa ndani ya kisanduku cha bati, na mwenye nyumba hana anachokijua ila kwamba bomba limekauka. Ndiyo maana namheshimu fundi anayeweka seva ya wavuti ndani ya kisanduku hicho. Anaurudisha ule ukingo wa kusimama na kuona.

Kazi yenyewe ni ya ubahili mtukufu. Bodi ya ESP32, kompyuta ndogo inayobeba seva hiyo, hukaa kiganjani na nafasi ikabaki, na kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 520. Picha moja ya simu haienei humo. Fundi lazima abananishe humo waifai, itifaki za mtandao, ukurasa, na kazi yenyewe ya pampu. Chini ya yote mara nyingi ipo lwIP, programu ndogo ya itifaki hizo iliyoanzishwa na Adam Dunkels wa Sweden. Ukurasa hupunguzwa mpaka yabaki yanayohitajika: kina cha maji, ampea za mota, hali ya boya, kitufe. Huhifadhiwa ukiwa umebanwa, na simu ya msomaji ndiyo inayoufumua.

Wengi hudhani bila intaneti haiwezekani. Si kweli. Bodi hurusha waifai yake yenyewe; mtu husimama uani, huunganisha simu, huandika 192.168.4.1, na ukurasa hufunguka bila bando. Tatizo ni kwamba bodi isiyo na intaneti haijui tarehe. Fundi mjuzi huifanya simu inayofungua ukurasa iiachie bodi saa yake. Suluhisho hili hunifurahisha kila ninapoliona, kwa kuwa mgeni ndiye anayeleta habari za nje.

Ustadi mwingine hauonekani kabisa. Kivinjari huomba ukurasa kwa GET, na kwa kanuni za HTTP ombi hilo ni la kusoma tu. Fundi mwenye haraka huifanya anwani ya kawaida, tuseme /washa, iwe ndiyo swichi. Lakini vivinjari hufungua upya kurasa za jana, vingine huzifungua hata kabla hujaamua kuzitazama. Hivyo pampu huweza kuanza kunguruma usiku bila mkono wa mtu. Amri inayobadilisha hali ya mashine iende kwa POST, ombi la kutuma. Hakuna atakayemsifu fundi kwa hilo, nami namsifu hapa.

Ulinzi wa mota usiitegemee seva hata kidogo. Boya na kinga ya kukauka viunganishwe moja kwa moja na kontakta, yaani swichi ya mota, ili bodi ikiganda mota isiungue. Umeme ukirudi baada ya kukatika, pampu ibaki imezimwa mpaka bodi isome hali ya kisima. Na nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla kisanduku hakijatoka karakana: mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za namna hiyo.

Ombi langu kwa mafundi wa Njoro na kwingineko ni moja. Kurasa hizi ziandikeni kwa Kiswahili kamili, si kwa namba za hitilafu ambazo mlinzi wa kisima hawezi kuzifumbua. "Pampu imezimwa kwa sababu kisima kimekauka" ni baiti 42 tu, na bodi inazo za kutosha.